Muulize Mwalimu wa Sauti: Nikianza Kufundisha Ndo Nimeshaacha Kuimba?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 24 niko Mwanza, naimba soprano, ile sauti ya juu ya wanawake, kwaya ya parokia tangu nina miaka 12. Mwaka juzi nikaanza kusikiliza opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa, kwenye simu na toka hapo situlii, nataka kuimba hivyo. Sasa kuna shule ya msingi wameniomba nifundishe watoto wao muziki, hela ipo kidogo, ila wenzangu wa kwaya wananiambia nikianza tu kufundisha nimejizika, eti mwalimu ni mwimbaji aliyeshindwa. Nikubali au nisubiri? – Soprano, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Jibu nakupa mapema: kubali. Ila kuna masharti ntakuandikia hapo chini na usiyaruke.

Wenzako wanaona kama kuna ngazi, juu jukwaa, chini darasa, na mtu akikutwa darasani basi kateremka. Mimi hiyo ngazi siijui. Hebu nikusimulie habari za Todd Duncan. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, baritoni (sauti ya kiume ya katikati), kazaliwa Kentucky 1903, mama yake alikuwa mwalimu wa muziki, na kuanzia 1930 yeye mwenyewe akawa anafundisha sauti Chuo Kikuu cha Howard kule Washington. Mwaka 1934 akaimba opera New York na kundi la waimbaji weusi peke yao, kumbe mwandishi mmoja wa habari za muziki kamsikia, na George Gershwin, mtunzi wa muziki wa Kimarekani, alipokuwa anahangaika kumtafuta mtu wa kuimba Porgy, mhusika mkuu wa opera yake Porgy and Bess, akaambiwa yuko mwalimu pale Howard, mwite. Gershwin akampigia simu aje Jumapili, Duncan akamjibu Jumapili hawezi, anaimba kanisani. We mtu wa kwaya hapo umemwelewa bila kuelezwa. Akaenda Jumapili iliyofuata, Gershwin mwenyewe akakaa kwenye piano, na Duncan hakuimba zile nyimbo ambazo watu walizoea kuzitegemea kwa mtu mweusi, akaimba wimbo wa zamani wa Kiitalia, na hata hajafika mbali Gershwin akamwomba awe Porgy.

Sasa angalia hapo nani aliyeitwa. Ni mtu aliyekuwa anasahihisha pumzi za vijana wa chuo kila siku, na ukiniuliza mimi ntasema ndo maana ule wimbo wa Kiitalia ulitoka vile, maana ukifundisha kitu miaka minne mfululizo hakikutoki tena mwilini.

Opera yenyewe, Porgy and Bess, ilioneshwa kwanza Boston tarehe 30 Septemba 1935, kisha ikaingia New York 10 Oktoba na kuchezwa mara 124. Mwaka 1936 ikapelekwa Washington, na ukumbi wa National Theatre haukuwa unaruhusu weusi wakae pamoja na weupe. Duncan akakataa kuimba. Wakamletea pendekezo weusi waingie kwenye maonyesho fulani tu ya mchana, akakataa, wakaongeza hivi na vile, akakataa, mpaka ukumbi ukakubali kila mtu akae anapotaka. Mi hii habari huwa inanishika kooni kila nikiisimulia. Huo ndo mji aliokuwa anafundisha, angewezaje kusimama kuimba mahali ambapo wanafunzi wake mwenyewe hawaruhusiwi kukaa?

Mwaka 1945 akaingia New York City Opera akaimba nafasi ya Tonio kwenye opera ya Pagliacci, mweusi wa kwanza kuimba na kampuni ile. Huo mwaka ndo aliacha kazi Howard lakini kufundisha hakuacha, alifundisha nyumbani kwake Washington mpaka uzee wa mwisho kabisa. Amefariki 1998 akiwa na miaka 95.

Na aliyeimba nafasi ya Bess pamoja naye kwenye Porgy and Bess, Anne Brown, yeye njia yake ilikuwa nyingine. Alikuwa bado mwanafunzi wa Juilliard, chuo cha muziki cha New York, alipomwandikia Gershwin barua ya kuomba asikilizwe. Baadaye akahamia Norway 1948, na pumu ikamkatia uimbaji miaka ya hamsini mwanzoni, wakati ana miaka kama 40 tu. Hapo ndo wenzako wangesema kaisha. Lakini yule mama alifundisha sauti kule Oslo miaka mingi, na waigizaji pia wakaenda kwake, Liv Ullmann mmojawapo, maana mwigizaji naye anaishi kwa sauti, akawa pia anaongoza maonyesho ya opera. Alifariki 2009 ana miaka 96. Sitakudanganya kwamba pumu haikumuuma moyoni, mwimbaji kunyang'anywa sauti ni msiba. Ninachosema ni kwamba wanafunzi wake hawakupewa makombo.

Kuna kitu kingine wenzako hawakijui kwa sababu hawajawahi kufundisha. Ukiimba, sauti yako unaisikia kutokea ndani ya kichwa, kwenye mifupa, kwa hiyo unajisikia vizuri kuliko ulivyo au vibaya kuliko ulivyo. Ukimsikiliza mwingine ndo sikio linafunguka. Alhamisi nilikuwa na kijana anayeimba tenor, sauti ya juu ya wanaume, akifika juu mabega yanampanda mpaka karibu na masikio na noti inakatika. Nimemwambia shusha mabega wiki nne, wapi. Nikamlaza chali sakafuni, nikamwekea kitabu cha nyimbo juu ya tumbo, nikamwambia pumua kinyanyuke, sasa imba kishuke taratibu usikiache kidondoke. Ile noti ikatoka, tena mviringo kabisa, akafungua macho akaniangalia kama mtu aliyeitwa jina lake. Usiku nimesimama kwenye mazoezi yangu mwenyewe, nafika mahali pagumu, nikayahisi mabega yangu yanaanza safari ile ile. Nisingeyahisi kama sikuyaona kwake mchana.

Haya, masharti. La kwanza na ndo kubwa: watoto wa shule ya msingi watakumaliza sauti kama utashindana nao. Darasa lina watoto hamsini, ukipaza sauti juu ya kelele zao saa tatu kwa siku, jioni huna kitu cha kupeleka kwaya. Kwa hiyo usipige kelele hata siku moja. Piga makofi wakujibu kwa makofi, nyanyua mkono wanyamaze, sogea karibu na msumbufu uongee naye taratibu. Kunywa maji siku nzima, usisubiri kiu. Mazoezi yako yafanye asubuhi kabla ya vipindi, dakika 30 zinatosha, usiyaweke jioni ambapo umechoka. Na siku mbili za wiki ziwe zako, hata wakikuongezea hela usiziuze, hizo ndo za kusoma nota, Kiitalia na kutafuta mtu wa kukufundisha wewe. Kwa sababu mwalimu asiyefundishwa naye anakauka, hilo nakwambia kwa uchungu, mimi nilikaa miaka sita bila mwalimu na nilipata shida kurudi.

Na usiogope sana Kiitalia. Irabu zetu tano za Kiswahili ni safi, a ni a, o ni o haiteleziteleza, na kwenye opera hilo ndo jambo wanalofundishwa wenzetu Waingereza kwa jasho. We umezaliwa nalo.

SWALI: Mwalimu habari. Niko Nairobi, mwanaume miaka 31. Naiga waimbaji wa opera kwenye YouTube, besi zile nzito. Mwezi sasa sauti inakwaruza hasa asubuhi. Nimechelewa umri ama nafanya vibaya? – Besi, Nairobi

JIBU: Umri hujachelewa kaka, sauti za chini ndo huwa zinakomaa kwenye miaka ya thelathini. Ila kukwaruza mwezi mzima siyo jambo la kuniuliza mimi, ni la daktari wa masikio, pua na koo. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu hivi ni ya kuonwa, na wewe umeshapitisha, kwa hiyo nenda akuangalie nyuzi za sauti, usinunue dawa za koo dukani ukaendelea kuimba.

Na unajua aliyeanza kuziangalia hizo nyuzi zikiwa zinafanya kazi ni mwalimu wa kuimba? Manuel García, Mhispania, aliacha jukwaa akiwa kijana akageukia kufundisha. Mwaka 1854 akatumia kioo kidogo cha madaktari wa meno na kioo kingine cha kawaida, akamulika kwa mwanga wa jua, akajiona koo lake mwenyewe. Mwaka uliofuata habari hiyo ikasomwa mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi kule London. Madaktari wameendeleza kutoka hapo. Na miaka kabla ya hivyo vioo, 1841, alikuja kwake Jenny Lind, binti wa Kiswidi ambaye sauti ilikuwa imechakaa kwa kuimba vibaya na kuimba kupita kiasi. Dawa ya kwanza aliyompa ni kunyamaza, wiki kadhaa, ndo akaanza kumfundisha upya. Yule binti akaja kuwa mwimbaji anayetafutwa Ulaya nzima mpaka Marekani.

Kwa hiyo we pia nyamaza kwanza. Na ukirudi usiige uzito wa sauti ya mtu wa miaka 50 uliyoisikia kwenye simu. Ile unayoisikia nzito kwake ni mwili wake ulivyo, we ukiilazimisha unabana ulimi nyuma na kulisukuma koromeo chini, ndo huko kukwaruza kunakotoka. Imba kwa sauti unayoongelea, nyepesi, hata ukiona ni nyepesi mno.

SWALI: Ntajuaje mwalimu wa sauti mzuri? Mwanangu ana miaka 11 anapenda opera. – Mama, Mombasa

JIBU: Dada yangu, ingia kipindi kimoja ukae kwenye kona. Mwalimu anayemsikiliza mtoto kuliko anavyoongea, mbakishe. Anayemwambia mtoto wa miaka 11 aimbe kwa nguvu ijaze ukumbi, au anayesema maumivu ya koo ni kawaida, mchukue mwanao mwondoke siku hiyo hiyo, ada hata kama umelipa. Mimi nilifundishwa na mtu wa namna hiyo nikiwa na miaka 17, alinisukuma noti za juu kwa sauti ya kifuani na nikapoteza karibu mwaka.

Opera yenyewe bado. Mpeleke kwaya ya watoto ajue kusoma nota, ajifunze piano kidogo, na asikilize nyumbani anavyotaka. Akivunja ungo au sauti ikianza kubadilika kama ni mvulana, mwalimu ampunguzie mazoezi na asimpandishe juu. Akiamka siku moja hana sauti, siku hiyo asiende kabisa.