Mbona jukwaa letu linapoa mapema?

Barua za mwezi huu zimekuja na ngoma, mabango na vuvuzela. Tumechagua tano.

SWALI: Shikamooni wahariri. Tawi letu la mashabiki wa soka huenda Uwanja wa Benjamin Mkapa tukiwa watu 400, ngoma sita na manju (waongoza nyimbo) watatu wenye sauti za haja. Ikifika dakika ya 20 wimbo umeshavurugika, walio kulia wanapiga makofi yao na walio kushoto yao. Tunakosea wapi? *Katibu wa tawi, Mbagala*

JIBU: Marahaba, ndugu katibu. Watu mnao wa kutosha. Mnachokosea ni mpangilio, na ngoma zimezidi.

Sauti hutembea karibu mita 345 kwa sekunde. Inaonekana kasi, lakini uwanja ni mkubwa. Uwanja wenye njia ya riadha kama Mkapa au Kasarani wa Nairobi una karibu mita 177 kutoka ukingo wa nje wa njia nyuma ya goli moja hadi ukingo wa nyuma ya goli la pili. Mdundo wenu unavuka umbali huo kwa nusu sekunde. Sasa, nyimbo nyingi za kushangilia huenda mapigo 120 hivi kwa dakika, yaani kila nusu sekunde pigo moja. Aliye ng'ambo anasikia pigo lenu la kwanza wakati nyinyi mnapiga la pili. Aliye katikati ya uwanja ndiye mwenye balaa zaidi, kwa kuwa pigo linamfikia nusunusu, makofi yake yanaangukia kwenye pengo la makofi yenu. Nanyi mkisikia makofi yake mnadhani mmechelewa, mnakaza mwendo, na wimbo unakwisha hapo.

Jambo hilohilo linatokea ndani ya kundi lenu mkikaa safu mbili ndefu. Watu 200 kwenye safu moja, kila mmoja nusu mita, ni mita 100. Kaeni mraba: safu 20, kila safu watu 20. Upana unakuwa mita 10 na kina kama mita 16, na mpiga ngoma akiwa katikati hakuna aliye mbali naye zaidi ya mita 10 au 11. Kuchelewa kwa sauti hapo hakusikiki.

Ngoma sita ni nyingi kwa kundi hilo, tena bila mkubwa wao. Chagueni sogora mmoja, yaani mpigaji bingwa, apige vumi, ngoma ya sauti nzito, au dramu kubwa ile ya matarumbeta. Chapuo mbili, ngoma ndogo, zimfuate, na wapigaji wake wamtazame mkono, wasimfuate kwa sikio. Ngoma tatu zilizobaki ziwe akiba, maana ngozi hupasuka na fimbo huvunjika.

Manju akae chini mbele, uso kwa watu, mgongo kwa mpira. Ni kazi ya kujinyima, mechi yenyewe hataiona, ndiyo maana wale watatu wapokezane kila dakika 15. Kipaza sauti cha mkononi kitumike kuanzisha wimbo tu. Kikiendelea, watu wanaacha kuimba wanamsikiliza yeye, na jukwaa limekuwa redio.

Kuhusu nyimbo zenyewe: kiitikio kiwe na maneno manne hadi manane, na mwisho wake uwe na *a* au *o* ya kuvutwa. Kiswahili kinatupa hilo bure, karibu kila neno linaishia na irabu. Kosa la kawaida ni manju kuanza juu mno kwa sababu ana mori. Akianza juu, wanaume wenye sauti nene wanabaki wanapiga kelele badala ya kuimba, na baada ya dakika kumi makoo yamekauka. Aanze pale ambapo mzee wa miaka 60 anaweza kuitika bila kunyoosha shingo. Wimbo mmoja dakika tatu au nne, kisha mwingine. Mkiwa na nyimbo nane mnazozijua vizuri mnamaliza mechi.

Singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, inapendwa, lakini iko kwenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na hakuna jukwaa linaloweza kupiga makofi hayo pamoja. Makofi yaangukie kila pigo la pili.

Mahali pa kukaa pia ni hesabu. Wengi hukimbilia nyuma ya goli kwa kuwa wameona Dortmund ya Ujerumani, ambako watu karibu 25,000 husimama jukwaa moja chini ya paa moja. Kule hakuna njia ya riadha. Kwenye uwanja wenye njia hiyo, jukwaa la nyuma ya goli liko mita 35 au zaidi kutoka mstari wa goli, wakati la pembeni linaweza kuwa mita 13 tu kutoka mstari wa pembeni. Kama kiingilio kinawaruhusu, kaeni pembeni, safu za juu chini ya paa, kwani paa hurudisha sauti uwanjani badala ya kuiachia angani. Hii ndiyo sababu Chamazi, uwanja mdogo usio na njia ya riadha, watu wachache wanasikika kuliko mara tatu yao kwa Mkapa.

Jambo la mwisho kwenu: mkifungwa, wimbo uanze ndani ya sekunde kumi, na uwe ule mnaoujua kuliko yote. Ukimya ukishatulia dakika mbili, kuuondoa ni kazi. Mashabiki wa TP Mazembe kule Lubumbashi, kundi linalojiita Cent pour cent, wana bendi ya tarumbeta inayopiga bila kujali matokeo. Waigeni hao.

SWALI: Kwa nini isikuti ikipigwa kwenye mechi ya AFC Leopards watu wote wanainuka, lakini vuvuzela 500 zinatuchosha tu? Na ile kofi ya watu wa Iceland, sisi tukijaribu inaharibika. *Mwalimu, Kakamega*

JIBU: Mwalimu, vuvuzela ina noti moja. Iko karibu na mtetemo 235 kwa sekunde, na juu yake kuna sauti nyingine zinazojazana palepale penye sauti ya binadamu. Kwa hiyo haiongezi wimbo, inaufunika. Kila mpulizaji ana pumzi yake, huanza na kukoma apendavyo, na jumla yake ni mvumo wa nyuki usiojua kama timu inashambulia au inalala. Baada ya Kombe la Dunia la 2010, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilizipiga marufuku kwenye mashindano yake mwezi Septemba mwaka huohuo, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa hiyohiyo ya kuzima nyimbo za mashabiki.

Isikuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kila moja na kazi yake, na juu yake mwimbaji anaita watu wanaitika. Msikilizaji anaachiwa nafasi ya kuingia. Ngoma isiyomwachia mtu pengo la kuitikia humgeuza mtazamaji.

Kofi ya Iceland, ile iliyosikika Euro 2016, inafanya kazi kwa sababu ya ukimya: ngoma mara mbili, kofi moja pamoja na sauti fupi ya kifua, halafu kimya kirefu. Ukimya huo unameza kuchelewa kwa sauti tuliyoeleza hapo juu. Mnaiharibu kwa kukimbilia. Makofi manne au matano ya kwanza yaachiane sekunde nne kamili, kisha punguzeni kidogokidogo. Mapengo yakishafika chini ya sekunde moja uwanja mzima hauwezi tena kwenda pamoja, basi hapo acheni iwe makofi ya fujo na mmalize kwa kelele. Na kiongozi atumie mikono iliyoinuliwa juu, ionekane, kwa sababu mwanga haucheleweshwi.

SWALI: Tunataka kutandaza bango kubwa juu ya vichwa pale Kirumba, mita 20 kwa 12. Tunahitaji nini? *Vijana wa hamasa, Mwanza*

JIBU: Kitambaa cha marekani au popolini chenye upana wa mita 1.5: vipande vinane vya mita 20, jumla mita 160. Mishono saba itakula kama sentimita 28, msishangae bango likiwa mita 11.7. Chukueni rangi ya maji lita 20 muizimue kwa maji kiasi hichohicho. Rangi nzito hupasuka kwenye mikunjo na kuongeza uzito, na kitambaa chenyewe kikavu tayari kinakaribia kilo 36. Kikilowa mvua ni habari nyingine.

Chora mchoro mdogo kwenye karatasi, uugawe miraba, kisha piga chaki miraba ya mita moja kwenye kitambaa na unakili mraba kwa mraba. Maneno matatu hadi matano yanatosha, herufi za mita 1.5 au zaidi, unene wa mstari sentimita 25. Tumeona mabango yenye sentensi nzima. Aliye ng'ambo haoni kitu isipokuwa shuka chafu.

Watu: mita 20 ni watu 40 kwa safu, na mita 12 kwenye mteremko wa jukwaa ni safu 13 hivi. Hao ni 520 chini ya kitambaa. Mkiwa 200, shoneni bango la mita 10 kwa 8. Katikati likikosa mikono linabonyea na picha inapotea.

Likunjeni kama mkeka, mkianzia ukingo wa chini ili ukingo wa juu ubaki nje. Mkikosea hapa, picha inapanda miguu juu. Ukingo wa juu uwe na vitanzi vya kamba kila mita mbili, vitanzi 11. Liwekwe safu ya mbele, timu zikitoka tu lipandishwe mkono kwa mkono. Dakika mbili zinatosha, lishuke kabla ya filimbi, maana huko chini kuna joto na watu wamelipa kiingilio. Lisifunike ngazi wala njia za kutokea. Onyesheni mchoro kwa wasimamizi wa uwanja siku kadhaa kabla, na siasa isiwemo kabisa.

SWALI: Fataki na moshi wa rangi je? *Msomaji, Tabata*

JIBU: Hapana. Tochi ya fataki huwaka kwa zaidi ya nyuzi 1,000, maji hayaizimi kirahisi, na jirani yako ameshika bango la kitambaa. Klabu ndiyo inayolipa faini ya CAF, shirikisho la soka la Afrika.

SWALI: Ndondo yetu, mashindano ya mtaani, inajaa hadi watu wanakanyaga mstari. Tukiwarudisha nyuma, raha inapungua. Tufanyeje? *Mratibu wa mashindano, Tandale*

JIBU: Msiwarudishe mbali. Kamba kwenye vigingi, mita mbili na nusu kutoka mstari wa pembeni na mita nne nyuma ya goli, wa mbele wakae chini, wa pili wapige magoti, wa tatu wasimame. Hivyo safu zote tatu zinaona bila kusukumana. Matarumbeta yakae nyuma ya kona moja, mbali na mabenchi, kocha aweze kusikika. Mtangazaji azime kipaza sauti mpira ukiwa ndani. Ndondo nyingi zimepoozwa na spika, si na watazamaji.

Kama uwanja una ukuta, milango yote ya kutokea ibaki wazi na kila mmoja uwe na mtu wake. Pale Olembé, Yaoundé, tarehe 24 Januari 2022, watu wanane walikufa kwenye msongamano mbele ya lango lililofungwa, kabla ya mechi ya Kamerun na Komoro. Funguo zisikae mfukoni mwa mtu aliyekwenda kutazama mpira upande wa pili.