Mtoto wa miezi minne: kituo cha kulelea au kwa jirani?

SWALI: Ninaishi Kireka na ninafanya kazi ya uhasibu katikati ya Kampala. Likizo ya uzazi niliiunganisha na likizo ya mwaka, nazo zote zimekwisha. Mtoto wetu ana miezi minne na bado ananyonya. Yaya tuliyeletewa na ndugu kutoka kijijini aliondoka kabla hajazoea nyumba. Sasa tuna njia mbili. Ya kwanza ni kituo kipya cha kulelea watoto kilicho kando ya barabara kuu, chenye kuta za rangi, televisheni kubwa na walezi wanaozungumza Kiingereza. Chumba chake cha wachanga kina watoto tisa na walezi wawili. Ya pili ni mama mmoja jirani anayelea watoto watatu nyumbani kwake akisaidiwa na binti yake ambaye ni mtu mzima. Mume wangu anapendelea kituo kwa sababu kina leseni. Mtaalamu, tutazame nini hasa?

JIBU: Dada msomaji, ahsante kwa kutaja idadi ya watoto na walezi, maana wazazi wengi wanaoniuliza jambo hili hunieleza kwanza rangi ya kuta na karo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, na kwa sababu hiyo watoto wengi wa mijini hukabidhiwa kwa mlezi wakiwa katika umri ambao hawawezi kusema walilishwa nini wala walishikwa vipi. Kwa mtoto wa umri huo mambo matatu hutangulia mengine yote: nani atamshika, mtu huyo ana wachanga wengine wangapi mikononi, na kama kuna mtu mzima mwingine anayeona yanayofanyika.

Tuanze na hesabu. Katika England kanuni inataka mlezi mmoja asizidishe watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Sisemi kwamba Kireka ifuate sheria za huko, ila kipimo hicho kinatokana na kazi yenyewe, na kazi ya kulea mchanga ni ileile popote. Walezi wawili kwa watoto tisa maana yake ni kwamba mmoja akienda kupasha maziwa, au akiwa anambadilisha mtoto nepi, mwenzake anabaki na wanane au wote tisa. Mtoto anayelia kwa sauti atachukuliwa. Yule mpole atalala chali akitazama dari hadi zamu yake ifike, na chupa yake huenda ikaegemezwa kwenye mto ili ajinyonyeshe mwenyewe, jambo linaloweza kumpalia. Ulizeni pia mmoja wa walezi akiugua nani hushika nafasi yake, na hao wawili wamekuwepo kituoni tangu lini. Kituo kinachobadilisha walezi kila mara humlazimu mchanga kuanza upya na mikono migeni, na mara nyingi ni dalili kwamba mishahara inacheleweshwa.

Kuhusu leseni, mume wako ana hoja, na msiidharau. Ombeni kuiona, mwangalie tarehe yake, na mkiwa na shaka mwulize katika ofisi ya elimu ya wilaya au ya manispaa yenu. Lakini fahamuni kwamba sera ya serikali ya mwaka 2007 kuhusu malezi ya watoto wadogo inatambua pia vituo vya nyumbani na vya jamii, pamoja na vituo vya kulelea mchana na shule za chekechea. Kwa hiyo jirani yenu hayuko nje ya utaratibu kwa kuwa tu anafanyia kazi sebuleni kwake. Vyeti navyo visomwe vyema. Mwongozo wa kufundishia uliotolewa mwaka 2005 unahusu watoto wa miaka mitatu hadi sita, na mlezi aliyefuzu vizuri kufundisha umri huo anaweza kuwa hajawahi kumlisha mtoto wa miezi minne. Mwulizeni wazi ameshalea wachanga wangapi, kisha mtazameni akimnyanyua mmoja: je, anamtegemeza shingo na kichwa, na anazungumza naye kabla ya kumgusa?

Nendeni mara mbili, mara moja kwa ahadi na mara moja bila taarifa. Wakati ninaoupenda ni baina ya saa sita na saa nane mchana, kwa kuwa ndipo kulisha, kubadilisha nepi na kulaza hukutana. Simameni karibu na mahali pa kubadilishia nepi. Mlezi ananawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya kila mtoto, au anapangusa kwa kitambaa kilekile na kuendelea na chakula? Watoto waliolala wamelazwa chali, kwenye godoro gumu kiasi, bila mito wala mablanketi mazito, na kila mmoja chini ya neti? Kulaza chali si mtindo tu. Tangu nchi nyingi zilipoanza kuwahimiza wazazi kufanya hivyo katika miaka ya 1990, vifo vya ghafla vya wachanga usingizini vilipungua sana. Mkikataliwa kuingia chumba cha watoto kwa kisingizio kwamba wazazi huishia mapokezini, msirudi.

Ukimya nao uwatie wasiwasi. Wachanga tisa waliolala wote kwa pamoja saa nne asubuhi si jambo la kawaida, na kuna walezi wanaowapa watoto dawa ya mafua yenye kuleta usingizi ili wao wenyewe wapumzike. Ulizeni bila haya: dawa hutolewa na nani, kwa idhini ya nani, na huandikwa wapi? Jibu sahihi ni kwamba hakuna dawa inayotolewa bila maagizo ya mzazi, na kwamba mtoto akipata homa mzazi hupigiwa simu mara moja ili akapimwe malaria, badala ya kusubiri jioni.

Kwa kuwa bado unanyonyesha, maziwa ni swali la kiufundi linalostahili jibu kamili. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa muda wa hadi saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku 4 ndani ya friji. Ukiyakamua saa kumi na mbili asubuhi na kuyabeba bila barafu, ifikapo saa nne yamekwisha muda wake, na mchana Kampala mara nyingi huvuka nyuzi hizo 25. Yabebe katika kisanduku cha kuhifadhi baridi chenye vipande vya barafu, andika jina na saa kwenye kila chupa, kisha uliza umeme ukikatika friji yao hufanywaje. Yapashwe kwa kuweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, na yanayobaki baada ya mtoto kunyonya yatumike ndani ya saa 2 au yamwagwe. Mlezi anayekuuliza maswali haya kabla hujayataja anaijua kazi yake.

Sasa upande wa jirani. Mwaka 2014 video ya yaya akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo hapa Kampala ilienea duniani, na tangu hapo wazazi wengi wameniuliza kuhusu kamera. Kamera hukuonyesha baada ya jambo kutokea. Mtu mzima wa pili huweza kulizuia. Ndiyo maana huyo binti ana uzito katika uamuzi wenu, mradi awepo kweli na asiwe anatumwa sokoni kutwa. Katika nyumba ya mtu ulizeni mambo ambayo kituo hakina: nani wengine wanaishi humo, wapangaji na wageni wanaume hupita wapi, jiko la mkaa huwekwa wapi, pipa la maji lina kifuniko? Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, anamfahamu kwa muda gani? Zungumzeni pia na wazazi wa wale watoto watatu bila yeye kuwapo.

Televisheni na Kiingereza yaondoeni kwenye mizani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi skrini kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na lugha anayoihitaji sasa ni ile ambayo mlezi anaizungumza kwa wingi na kwa raha, iwe Kiswahili, Kiganda au nyingineyo.

Makubaliano yaandikwe, hata na jirani. Yataje ada ya kuchelewa, kwa sababu msongamano wa barabara ya Jinja mnaujua; yataje kama huduma husimama wakati wa likizo za shule, jambo linalowakuta wazazi wengi ghafla pale kituo kinapokuwa sehemu ya shule ya chekechea; na yataje majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Mwanaboda mnayemwamini asiwe mmoja wao.

Kwa maelezo uliyonipa, mimi ningempeleka kwa jirani, kwa sharti kwamba wa kwenu awe wa nne na wa mwisho, na kwamba ziara ya ghafla iwaridhishe. Kituo kikiongeza mlezi wa tatu nitalitazama upya jibu langu. Anzeni na saa mbili kwa siku wakati mmoja wenu bado yupo karibu, mkiongeza taratibu kwa wiki nzima. Baada ya hapo mpimeni uzito kliniki kila mwezi na mwangalie mstari wa ukuaji kwenye kadi yake. Mstari huo ukilala, ulizeni maziwa yanaishia wapi. Mkiona alama za kipigo mwilini, mwondoeni siku hiyohiyo na mpige 116, simu ya bure ya kuwalinda watoto.