Kabla hujaomba kuongoza: Dorothy Arzner na meza ya uhariri

Wengi wanaoingia katika kazi ya filamu huja wakitaka kuongoza, na wakipewa daftari la kuorodhesha picha zilizokwisha kupigwa huona wameonewa. Nami nilinuna hivyo hivyo. Ndiyo maana mimi huwaomba wanaoanza wayafuatilie maisha ya Dorothy Arzner, mwongozaji wa filamu wa Marekani, ambaye aliacha masomo ya udaktari na mwaka 1919 akaenda kuomba kazi kwa mwongozaji William deMille, katika studio iliyokuja kujulikana kama Paramount, akasema yuko tayari kuanzia chini kabisa. Alipewa kazi ya kupiga chapa miswada.

Kutoka kwenye taipu alipanda akawa karani wa mwendelezo, yaani yule anayehakikisha kwamba mwigizaji aliyeshika kikombe kwa mkono wa kulia asubuhi hakishiki kwa wa kushoto mchana, kisha akawa mhariri. Mwaka 1922 alihariri filamu ya mpigana na fahali iliyoigizwa na Rudolph Valentino. Alichukua picha za mapambano halisi zilizokuwapo tayari, akapiga mwenyewe picha za karibu za Valentino, akaziunganisha hata mtazamaji akaamini kwamba nyota huyo amesimama mbele ya fahali. Somo la namna hiyo hulipati kwa kukaa kwenye kiti cha mwongozaji, bali kwa kuhangaika na vipande visivyotosha.

Alipotaka kuongoza na studio ikasitasita, aliaga ili ahamie studio nyingine, Columbia. Ndipo Paramount ilipomkabidhi filamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1927. Wapo wanaoiga kitisho hicho wakasahau kwamba Columbia ilikuwa kweli inamsubiri, na kwamba nyuma yake kulikuwa na makumi ya filamu alizozihariri.

Mwaka 1929, Clara Bow, nyota wa filamu bubu, alipoigiza kwa mara ya kwanza katika filamu ya sauti, iliyoongozwa na Arzner, maikrofoni za wakati ule zilimlazimu mwigizaji asimame mahali pamoja. Arzner aliagiza maikrofoni ifungwe kwenye ufito wa kuvulia samaki, imfuate Bow juu ya kichwa popote aendapo. Mtu aliyetumia miaka akikata picha za waigizaji alijua vema kwamba Bow aliyesimama tuli asingekuwa Bow.