Mjomba, Wareno na Wahispania si ndo hao hao?

SUALI: Asalaam aleikum mjomba. Mie kijana wa Wete ila natafuta riziki hotelini huku Nungwi, kuna wageni wangu mtu na mkewe wa Lisbon, Ureno, wamenialika nikakae kwao wiki mbili, halafu nna rafiki Sevilla, Uhispania, nataka nimpitie siku tano. Wenzangu kazini wananambia hao wote wamoja, ukijua vijineno vya Kihispania umemaliza. Kweli? Na viza nitafute mbili?

JIBU: Waaleikum salaam mpwa wangu. Viza moja tu, ya Schengen, inaingia nchi zote mbili, na kwa vile siku nyingi utakaa Ureno basi omba kwa Wareno. Pesa nazo ni yuro huku na kule.

Sasa hao wenzako... hebu mwendee Muunguja yeyote umwambie yeye Mpemba uone atakavyokutizama. Mreno ukimsemesha Kihispania anafahamu sana tu ila moyoni ushamchoma, bora hata Kiingereza chako cha hotelini. Wana msemo wao wa zamani ati kutoka Uhispania hakuji upepo mzuri wala ndoa nzuri, na sie watu wa majahazi tunajua mtu akishaulaumu upepo wa kwenu basi tena. Shika obrigado, ndo asante ya mwanamme, mwanamke anasema obrigada. Mengine ushazaliwa nayo, meza, leso, bandera, walituachia wao.

Kwenye kula ndo utaumia. Mreno chakula cha usiku saa mbili hivi, Mhispania saa tatu saa nne ndo kwanza anakaa, mie mara ya kwanza Sevilla nlikwenda mkahawani saa moja na njaa zangu nkakuta jiko halijawashwa, nkarudi kula biskuti chumbani. Lisbon nako kuna mtego, ukikaa tu wanakuwekea mkate na zeituni hujaagiza, utadhani takrima, kumbe ukigusa unalipia, we sema hutaki waondoe. Nguruwe yupo kote, uliza kila sahani. Pweza wapo tele, utajiona uko Forodhani kwenye vyakula vya usiku.

Mhispania dakika mbili tu keshakuzoea na anakudakia maneno hujamaliza, hajakuvunjia adabu, ndo mazungumzo yao. Mreno ana staha, mtu mzima humwiti kwa jina kavu, ni bwana fulani bibi fulani, na akiwa na digrii yake ni dokta au injinia, we uliyelelewa na shikamoo haitokushinda. Kubusiana mashavu wanafanya kote, kama hutaki weka mkono kifuani, watafahamu.

Na kwa vile we wa Pemba ntakwambia hili hukuliuliza: mchezo wa ng'ombe wazee wetu wanasema tumeachiwa na Wareno. Sevilla wanamuua kwa upanga hapo hapo uwanjani, Ureno kumuua mbele ya watu ni marufuku isipokuwa pahala kama Barrancos, kimji cha mpakani, ila wana wanaume wanane wanajipanga mstari, wa mbele anamkumbatia ng'ombe baina ya pembe kwa mikono mitupu, khaa! Kwetu walau ng'ombe ana kamba.

Saa nazo zinapishana, Ureno iko nyuma saa moja. Ukirudi kwa boti ya mto Guadiana, ukipanda Ayamonte upande wa Uhispania saa nne asubuhi unateremka Vila Real de Santo António upande wa Ureno saa tatu na dakika zake, usije ukadhani simu imeharibika.