Kliniki ya sheria ya kazi: anzeni na tarehe

Vitivo vingi vya sheria vikitoka kwenda mtaani na wanafunzi wao kuendesha kliniki, yaani meza ya msaada wa kisheria, hubeba turubai, spika na mhadhara mrefu wa haki za mfanyakazi. Aliyefukuzwa kazi anasikiliza, anapiga makofi, anaondoka, na siku zake zinazidi kuyeyuka. Tanzania Bara, anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tu kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Zinahesabiwa tangu alipoachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Madai mengine, kama malimbikizo ya mshahara, ni siku 60.

Kwa hiyo swali la kwanza mezani ni "uliachishwa lini?" na la pili "ulikuwa umefanya kazi muda gani?", maana aliye chini ya miezi 6 hawezi kudai kuachishwa isivyo halali. Mtu akiwa siku ya 27, jazeni CMA F1, fomu ya kufungua mgogoro, hapo hapo. Akishachelewa, lazima aambatanishe na CMA F2 kuomba kuongezewa muda, na atatakiwa kueleza kila siku ya ucheleweshaji. "Nilikuwa nambembeleza bosi" kwa kawaida haimwokoi.

F1 ndiyo inayoangusha wengi. Sehemu ya B ni ya kuachishwa kazi peke yake, lakini wanafunzi huijaza hata kwa anayedai mshahara. Mkataba wa muda maalumu uliokatishwa njiani, dai lake la kawaida ni uvunjaji wa mkataba. Halafu msiandike "haki zangu zote"! Andikeni notisi, likizo na kiinua mgongo (siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo miaka 10), kila kimoja na kiasi chake. Kisichokuwemo kwenye fomu ni vigumu kukiingiza baadaye. Mwajiri apewe nakala na asaini kuipokea. Akigoma, itumwe kwa posta ya rejista na risiti itunzwe.

Kukosa mkataba wa maandishi kusimkatishe tamaa mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ndiye athibitishe masharti ya ajira. Mfanyakazi alete kitambulisho, taarifa ya michango ya NSSF, na meseji za mshahara kwenye simu.

Mafunzo endelevu ya wakufunzi na mawakili nayo yaache slaidi. Chukueni jalada la mgogoro uliotupiliwa mbali CMA, futeni majina, kila mshiriki ajaze F1 upya, kisha amweleze "mteja" kwa Kiswahili chepesi alichoandika. Hapo ndipo wengi hukwama, kwani darasani sheria hiyo waliisoma kwa Kiingereza.