Mayai "yametiwa sumu" au "yameingiwa na sumu"?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kitengo cha mawasiliano kwenye asasi ndogo ya mazingira. Tulipeleka maabara mayai ya kuku wa kienyeji kutoka kaya zilizo jirani na dampo, na majibu yamerudi. Nimeandika tangazo la kubandika ofisi ya kata: "Mayai yalijaribiwa kwa dioksini. Baadhi yamekutwa yametiwa sumu. Mengine yana sumu isiyopimika. Uchafu huu unatokana na uchomaji wa taka." Mwenzangu anasema maneno "yametiwa sumu" yatazua ugomvi mtaani. Mimi naona ni Kiswahili sanifu tu. Yupi yuko sahihi? Halafu, hakuna neno moja la Kiswahili la sumu za namna hii, kama tulivyopata "sumukuvu"?

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, na ugomvi wenyewe si hatari kubwa kuliko zote iliyomo humo. Naomba usibandike kwanza.

Tuanze na kitenzi alichokishika mwenzako. Kutia ni kazi ya mkono. Tunatia chumvi kwenye mboga, tunatia maji mtungini, tunatia sahihi. Ukisema kitu kimetiwa, anayekusikia anauliza papo hapo: nani katia? Kauli ya kutendwa humficha mtenda, lakini haimwondoi. Yumo ndani ya kitenzi, amekaa kimya. Mama ambaye mayai yake yametajwa kwenye tangazo lako atasoma "yametiwa sumu" na kumkumbuka jirani waliyegombania mpaka wa kiwanja mwezi uliopita.

Dioksini zenyewe, hizo sumu zinazotokana na uchomaji wa taka na baadhi ya kazi za viwandani, zinatupa mfano wa pande zote mbili. Mwaka 2004 Viktor Yushchenko, aliyekuwa akigombea urais wa Ukraine, aliugua ghafla, na uso wake ukaharibika kwa vinundu na makovu. Desemba ya mwaka huo madaktari wa Vienna walitangaza kwamba ni dioksini. Huyo tunasema alitiwa sumu, au alilishwa sumu, na hatukosei. Sasa tazama Ubelgiji mwaka 1999. Mafuta ya transfoma yaliingia kwenye mafuta yaliyotumika kutengenezea chakula cha mifugo. Kuku wakala, mayai yakakataa kuanguliwa, na habari zilipofika kwa wananchi mwishoni mwa Mei, mawaziri wawili, wa afya na wa kilimo, wakajiuzulu. Jamii ya sumu ni ileile, lakini hakuna aliyesimama na kijiko juu ya mayai ya Wabelgiji. Mayai yale yaliingiwa na sumu.

Kuingiwa ndicho kitenzi unachokitafuta. Mtumbwi huingiwa na maji, mtu huingiwa na hofu, nguo huingiwa na moshi. Kinachoingia kimepata njia, na msikilizaji haulizi "nani?" bali "kimepitia wapi?" Hilo ndilo swali mnalotaka watu wa mtaa ule waulize. Jibu lake mnalo: nyaya na plastiki zinachomwa, majivu yanatua kwenye udongo, kuku anadonoa udongo na wadudu wake, dioksini zinajilimbikiza kwenye mafuta ya mwili wake na kutokea kwenye kiini cha yai. Mwaka 2005 mayai ya kuku waliofugwa karibu na dampo la Dandora, Nairobi, yalipimwa, yakakutwa na dioksini mara kadhaa ya kiwango cha Ulaya. Kuku wale walikuwa wakidonoa tu kama kuku wanavyodonoa.

Kuna mahali pamoja ambapo kutia ni kitenzi halali katika kazi hii, nako ni maabara. Kabla hawajakamua mafuta ya kiini, wataalamu hutia ndani ya sampuli kiasi wanachokijua cha dioksini iliyotengenezwa kwa kaboni nzito, kaboni 13. Mwisho wa kazi wanaangalia ile nzito imesalia kiasi gani, ndipo wanajua ni kiasi gani kimepotea njiani. Ukikuta kwenye ripoti ya maabara kwamba "sampuli zilitiwa dioksini", usishtuke. Mkono ulikuwapo, na ulikuwa mkono wa anayepima.

Sasa "uchafu". Nilimsomea shangazi yangu sentensi yako, kwa kuwa anafuga kuku na huuza mayai kwa trei. Aliinua yai moja kutoka kwenye trei, akalifuta kinyesi kwa upindo wa khanga, akalirudisha. Kwake uchafu ulikuwa umeshakwisha. Nami siwezi kumlaumu, maana uchafu kwa Kiswahili ni kitu cha kufuta, kufagia au kuosha. Dioksini haifutiki. Iko kwenye mafuta yaliyomo ndani ya kiini, haitoki kwa maji, na kuchemsha yai hakuiondoi. Ikishaingia kwa mlaji, huchukua kati ya miaka 7 na 11 kupungua hadi nusu. Neno linalomfanya mtu achukue kitambaa badala ya kuliacha yai ni neno la hatari.

"Uchafuzi" ni jambo jingine: hilo ni tendo la kuchafua, na linafaa unapozungumzia dampo. "Vichafuzi" lipo na wataalamu wanalitumia. Liweke kwenye ripoti, usiliweke kwenye ukuta wa kata. Na usikimbilie "yamechafuka". Bahari huchafuka, hali ya hewa huchafuka, tumbo huchafuka. Yai lililochafuka litaeleweka kuwa viza.

Umeuliza kama hakuna neno moja. Nimelifikiria sana, na jibu langu ni kwamba tusiliunde. "Sumukuvu" lilifaulu kwa sababu linasema kweli: sumu hii inatokana na kuvu. Mkulima akilisikia anajua aangalie nini, kwamba ni ule ukungu kwenye punje za mahindi na karanga ambazo hazikukauka vizuri. Mwaka 2016, watu wa Dodoma na Manyara walipougua na wengine kufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, lilikuwa neno la kuokoa maisha. Kenya, ambako mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu hiyohiyo, wengi wao Makueni na Kitui, bado wengi husema aflatoksini, jina la kitaalamu la sumukuvu mojawapo, na neno hilo halimwambii mkulima chochote kuhusu ghala lake.

Ukiunda "sumumoshi" kwa dioksini utakuwa umesema nusu ya kweli. Moshi wa taka ni chanzo kimoja. Viwanda vya kuyeyusha metali na upaushaji wa karatasi kwa klorini ni vyanzo vingine, na yale mafuta ya transfoma ya Ubelgiji hayakuwa moshi. Andika dioksini, kisha ueleze mara moja. Na uziandike kwa wingi, "dioksini hizi", kwa sababu ni ukoo: zimo zaidi ya 200 zinazofanana kwa umbo, na 17 kati yake ndizo zinazohesabiwa kuwa sumu kali.

Wakati mwingine neno tunalo, nalo linaponza. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi madini ya risasi katika damu zao. Jaribu kuandika "watoto wamekutwa na risasi mwilini" uone msomaji atawaza nini. Hapo maneno "madini ya" hayaachwi hata kama nafasi ni finyu.

Nije kwenye kinachonitisha kuliko yote katika tangazo lako: "sumu isiyopimika". Najua ulikusudia nini. Maabara imekuandikia kwamba katika mayai hayo dioksini ni kidogo mno, mashine haikuweza kuzipima. Lakini sikiliza lugha inavyolitumia umbo hilo. Upendo usiopimika. Hasara isiyokadirika. Watu wasiohesabika. Uchungu usioelezeka, furaha isiyosemeka. Kila mara kipimo kimeshindwa kwa sababu kitu ni kikubwa mno. Sijapata kumsikia mtu akisema "watu wasiohesabika" kwa maana ya watu wachache. Kwa hiyo umewaambia wenye mayai salama kwamba mayai yao ndiyo yenye sumu kupindukia, na wenye mayai mabaya kwamba wana sumu ya kawaida. Tangazo limegeuka kichwa chini, na kila neno ndani yake ni sanifu.

Usijaribu kuponya kwa "sumu isiyoonekana". Kirejeshi, yaani kile kiungo "-yo-" kilichomo ndani ya "isiyoonekana", kinakubali kwanza kwamba sumu ipo, kisha kinasema haionekani. Msomaji anabaki na sumu iliyojificha, na hiyo ni mbaya kuliko iliyo wazi. Itoe kwenye kirejeshi, uifanye kitenzi kikuu: "dioksini hazikuonekana". Hapo hujakiri kwamba zipo. Lakini vilevile usivuke ng'ambo ya pili ukaandika "mayai hayana dioksini", maana maabara haikusema hivyo. Mashine ina mwisho wake wa kuona, na chini ya mwisho huo haina ushahidi wa ndiyo wala wa hapana. Hesabu zenyewe ni za pikogramu: gawa gramu moja mara trilioni moja, kipande kimoja ndicho pikogramu. Ulaya huruhusu dioksini pikogramu 2.5 kwa kila gramu ya mafuta ya yai. Kwa vitu vidogo namna hii, sema kwa urefu: "dioksini hazikufikia kiasi ambacho mashine ya maabara inaweza kuonyesha." Ni maneno mengi, lakini hakuna linaloweza kutolewa.

Na kwa kuwa nimegusa mafuta: kwenye ripoti andika "mafuta yaliyomo ndani ya yai". Nimeshakutana na msomaji aliyeelewa "mafuta ya yai" kuwa mafuta ya kukaangia, akaja kuniuliza abadilishe chapa gani.

Limebaki "yalijaribiwa kwa dioksini". Kujaribu ni kutaka kuona kama jambo litawezekana, au kumtia mtu majaribuni. Maabara haijaribu, inapima. Na hilo "kwa" umelipokea kutoka lugha nyingine. Kwa Kiswahili "kwa" hapo ni chombo: kupigwa kwa fimbo, kukatwa kwa kisu. Mayai "yaliyopimwa kwa dioksini" yamepimwa kwa kutumia dioksini kama mizani. Hospitali zetu zimelimaliza suala hili zamani. Hakuna anayesema "nimepimwa kwa malaria". Tunasema nimepimwa malaria, mtoto amepimwa damu. Kitenzi kinabeba vyote viwili, anayepimwa na kinachotafutwa, bila kiunganishi. Mayai yalipimwa dioksini. Ukiacha "yalipimwa" peke yake, muuza mayai atadhani mmeyapima uzito.

Ningekuwa wewe ningebandika hivi:

"Mayai ya kuku wa kienyeji kutoka kaya zilizo karibu na dampo yalipimwa dioksini, yaani sumu ambazo, pamoja na njia nyingine, hutokea taka zenye plastiki zinapochomwa. Baadhi ya mayai yameingiwa na sumu hizo kupita kiwango kinachoruhusiwa. Katika mayai mengine dioksini hazikufikia kiasi ambacho mashine ya maabara inaweza kuonyesha. Sumu hizi hukaa ndani ya kiini. Haziondoki kwa kuosha yai wala kwa kulichemsha."

Baada ya "kinachoruhusiwa" taja ni nani aliyeruhusu na ni kiasi gani, kwa tarakimu, na pembeni yake uandike kiasi mlichokikuta. Mwenye kuku atakuuliza, na atakuuliza mbele ya watu.