Saa, mkanda na pete: anza na rangi ya chuma

Desemba moja nilipanda Moshi kwenye sendofu ya binti wa shangazi yangu, kule Shantytown. Nilivaa suti ya bluu iliyokolea, na mkononi nilikuwa na saa ya rangi ya dhahabu niliyoinunua wiki hiyohiyo Arusha, kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ni orijino. Kidoleni pete ya fedha. Mkanda mweusi wenye chuma cheupe, viatu vya kahawia. Kila kimoja nilikuwa nimekilipia pesa ya maana. Baba mdogo akanishika mkono kunisalimia, akaugeuza, akatazama upindo wa shati. Pale ulipokuwa ukigusa saa palikuwa na mstari mweusi uliochanganyika na ukijani. Jasho la safari lilikuwa limeshaila ile dhahabu. Akainama akaniambia taratibu, watu wasisikie: "Mwanangu, umevaa vitu vingi, lakini havijuani."

Neno hilo sijaliacha mpaka leo. Imepita miaka kumi na mbili, nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi huku Arusha na kule Moshi, na siku hizi bwana harusi akitaka mtu wa kumsindikiza kununua vitu vyake, hunipigia simu mimi. Kila nikienda naye namwuliza swali lilelile kabla hatujaingia duka lolote: chuma chako ni cheupe au cha njano?

Maana hapo ndipo vitu vinapoanza kujuana. Chuma cha saa, cha mkanda, cha kibanio cha tai, vifungo vya mikono ya shati, hata fremu ya miwani, vyote viwe ukoo mmoja. Cheupe ni stili na fedha. Cha njano ni dhahabu. Ukishaamua, nusu ya kazi imekwisha, na pesa yako haitawanyiki, kwa sababu kitu utakachonunua mwakani kitakuta wenzake nyumbani wanakisubiri. Kijana anayeanza namshauri cheupe. Stili haichuji, haina rangi ya juu ya kubanduka, na ukiisugua kwa kitambaa inarudi. Dhahabu ya kweli ni nzuri sana, ila ni ghali, na dhahabu ya kuchovya ndiyo hiyo iliyoniandikia mstari kwenye shati.

Pete ya ndoa naiacha nje ya hesabu hii. Kama yako ni ya dhahabu na saa yako ni ya stili, vaa vyote kwa amani. Ile ni ahadi, hakuna mtu mwenye akili atakayekuuliza kwa nini haifanani na mkanda. Na kwa ndugu zangu Waislamu jambo hili ni jepesi zaidi, kwa sababu dhahabu na hariri haziruhusiwi kwa mwanamume na fedha inaruhusiwa. Rafiki yangu mmoja wa Ngarenaro amevaa pete moja ya fedha kwa miaka mingi, nzito, haina jiwe, na sijaona mkono uliotulia kama wake. Tai ya hariri akaiweka pembeni, akachukua ya sufu.

Ukienda kwa sonara, jifunze kusoma muhuri. Ndani ya pete kuna tarakimu ndogo sana, kwa hiyo omba kioo chake cha kukuzia, hatakataa. 925 ni fedha: sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha yenyewe. 750 ni dhahabu ya karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9. Ukiona herufi GP pembeni ya karati, hiyo imechovywa, hata kama mbele yake pameandikwa 18K. Muhuri unaweza kugongwa na yeyote mwenye nyundo, kwa hiyo bado nunua kwa mtu mwenye duka na leseni, anayekuandikia risiti na uzito wa gramu. Mimi ile saa sikuwa na hata karatasi ya kurudi nayo.

Tukae kwenye saa kidogo, kwa sababu ndiyo inayoongoza vingine vyote.

Marehemu baba alikuwa na Seiko 5. Aliivaa kazini, shambani kwenye kahawa, na kanisani, miaka yote niliyomjua. Alipofariki nilipewa mimi, ikiwa imesimama, nikaiweka kwenye droo nikaenda kununua ile ya dhahabu ya uongo. Baada ya ile sendofu niliitoa, nikampelekea fundi saa mmoja anayekaa kwenye baraza nyuma ya Soko Kuu. Alifungua mfuniko wa nyuma, akabana kioo chake jichoni, akaniita nisogee. Ndani kuna kipande cha nusu duara kinachozunguka ukitikisa mkono, ndicho kinachoivuta springi, betri hakuna. Aliuonyesha ute wa kahawia kwenye ekseli za magurudumu, mafuta yaliyokaa miaka mpaka yakawa gundi. Alivitoa kimoja kimoja kwa koleo, akaviosha, akavikausha juu ya karatasi nyeupe, akatia mafuta kwa ncha ya sindano. Nilikaa naye mchana mzima. Alipoirudisha na kuitikisa, mshale wa sekunde ukaanza kuteleza.

Seiko walianza kutengeneza Seiko 5 mwaka 1963, na hiyo tano ni ahadi tano: inajivuta yenyewe, siku na tarehe zinakaa dirisha moja, inastahimili maji, kifundo cha kuzungushia kimezama penye namba 4 badala ya 3 kisikuchome mkono, na kasha na cheni yake ni vya kudumu. Sikuyajua hayo wakati naidharau. Kwa hiyo ninaposema anasa, sisemi jina kubwa. Nasema kitu ambacho fundi wa mjini kwako anaweza kukifungua na kukifunga tena. Ukiwa na uwezo wa Omega au Tissot, nunua, ni saa nzuri kweli, lakini uliza kwanza utaisafishia wapi. Kama huna, Citizen au Seiko ya kweli inakuheshimisha kuliko feki ya Rolex, na anayejua saa ataitambua feki kabla hujaketi. Kipimo cha haraka: saa ya betri kwa kawaida mshale wa sekunde unaruka hatua moja moja, ya kujivuta unateleza. Rolex mpya inayoruka hatua moja kila sekunde irudishe kwa mwenyewe. Inayoteleza nayo usiiamini kwa hilo tu, feki nyingi siku hizi zinateleza vizuri.

Na maji. Mdogo wangu aliingia na saa mpya kwenye chemchemi ya Chemka, kule Hai, kwa sababu nyuma imeandikwa mita 30. Ilitoka na ukungu chini ya kioo, na mkanda wake wa ngozi umevimba. Mita 30 maana yake ni mvua na kunawa mikono. Kuogelea tafuta iliyoandikwa 100 kwenda juu.

Ukubwa usizidi upana wa kifundo cha mkono wako. Pale ambapo mkanda unashika kasha, ncha zisitokeze nje ya mkono. Kwa suti chagua nyembamba, iweze kuingia chini ya shati bila kugombana na kifungo.

Ngozi nayo ina kanuni yake ileile: mkanda na viatu viwe ukoo mmoja. Nyeusi na nyeusi. Kahawia na kahawia, hata kama moja imekolea kuliko nyingine kidogo. Kinachoangaliwa na wachache ni mng'ao: kiatu kinachong'aa kama kioo na mkanda uliofifia havijuani. Mkanda wa saa kama ni wa ngozi nao uingie humo, na kwa sababu huwezi kununua saa kila ukibadili viatu, nunua mikanda miwili ya saa, mweusi na wa kahawia, fundi anabadili ukisubiri.

Kutambua ngozi: kunja mkanda kwa nguvu, utazame mgongo wa mkunjo. Ngozi nzima inakunjamana mistari midogo kama kiganja cha mkono, halafu inarudi. Ile ya vumbi la ngozi lililogandishwa kwa gundi inapasuka au inatoka weupe. Tazama na ukingo: ukiona tabaka kama karatasi zilizobandikwa, achana nayo. Sisi watu wa kaskazini hatuna sababu ya kuvaa plastiki, kiwanda cha ngozi cha Karanga kiko hapo Moshi na viatu vyake vya ngozi vinauzwa. Hata kwenye mitumba ya soko la Memorial nimewahi kuokota mkanda wa ngozi nzima ambao umedumu kuliko mikanda mitatu ya dukani. Ulikuwa na chuma cha njano. Nikamwambia fundi viatu akakibadilisha.

Sasa tanzanaiti, jambo ninalolipenda kuliko yote haya.

Jiwe hili linachimbwa Mererani tu, Simanjiro, ukishuka kutoka uwanja wa ndege wa KIA. Liligunduliwa 1967, na mwaka uliofuata Tiffany wa New York wakalipa jina la nchi yetu. Mwaka 2020 Saniniu Laizer aliuza mawili kwa serikali, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74, na nchi nzima ikamjua. Lakini hesabu wanaume wa Arusha wanaolivaa. Tunalijua kama kitu cha kumwuzia mgeni. Madalali wanazunguka nalo kwenye vikaratasi vilivyokunjwa, na kijana anayeoa ananunua vifungo vya kioo cha bluu kutoka nje. Hili linaniuma kweli.

Mimi nilinunua mawe mawili madogo, kila moja halijafika karati moja (karati ya jiwe ni gramu 0.2, usiichanganye na karati ya dhahabu), kwenye duka lenye leseni, nikampelekea sonara akayaweka kwenye vifungo vya fedha vya mikono ya shati. Kabla ya kulipa nilitoka nayo nje. Ligeuze juani polepole: upande huu bluu, upande ule zambarau. Kisha rudi nalo chini ya taa ya njano ya ndani, zambarau itazidi. Kama harusi yako ni ya usiku ukumbini, hiyo ya taa ndiyo rangi watakayoiona watu, chagua kwa hiyo. Usishtuke ukiambiwa limepikwa. Mengi hutoka ardhini yakiwa na ukahawia na hupashwa moto ndipo yanapata bluu ile, ni kawaida ya jiwe lenyewe.

Lakini usiliweke kwenye pete ya kila siku. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs tanzanaiti iko kati ya 6 na 7, almasi 10, yakuti 9. Chembe za kwatzi zilizomo kwenye mchanga wa kawaida ni 7. Maana yake vumbi la barabarani linaweza kulikwaruza, na mkono wa mwanamume unagusa kila kitu: mlango wa gari, mfuko wa saruji, usukani. Kwenye kifungo cha shati au kibanio cha tai limejificha, litadumu mpaka umpe mwanao. Lioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki laini. Sonara akitaka kulitia kwenye mashine ya kutetemesha au mvuke, mkatalie kwa heshima, linaweza kupasuka.

Vifungo hivyo vinahitaji shati lenye upindo wa mkono wa kukunja, wenye matundu pande zote mbili. Mwambie fundi mapema, na shati litokeze kidogo nje ya koti, sentimita moja hivi, vinginevyo umenunua jiwe la kuficha. Kibanio cha tai kikae kati ya kifungo cha tatu na cha nne, kisizidi upana wa tai, na ukivaa kizibao kiache nyumbani. Leso ya mfukoni isikatwe kitambaa kimoja na tai. Najua seti zinauzwa hivyo na sare za kamati zinapangwa hivyo, lakini leso nyeupe ya pamba inakaa na tai yoyote.

Shanga za Kimaasai nazipenda, moja tu mkononi, na saa ya stili, kwenye shati la kitani au nguo za porini. Kwenye suti yenye vifungo vya mawe zinaanza kugombea macho. Na kitambulisho cha kazini kivue shingoni kabla ya kuingia ukumbini, kaka, hata kama umetoka ofisini moja kwa moja.

Kama unaoa Desemba hii, mpelekee sonara mawe yako mwezi wa kumi. Wangu kuanzia Novemba hapokei tena, meza imejaa pete za watu wanaopanda Moshi kwa Krismasi, na kazi ya haraka ndiyo inayoacha vidole vya chuma vinavyoshika jiwe vikiwa vimelegea. Ukienda kuchukua, lisogeze sikioni na ulitikise. Likigonga, mwachie alikaze tena.